Viti tisa vya bunge vilivyowafungia mlango wakazi wa Mlima Elgon

MAJAJI wa rufaa wa Mahakama ya Afrika Mashariki (EACJ) walipotoa uamuzi wao mjini Arusha mnamo Machi 15, 2012, suala lililokuwa mbele yao halikuwa iwapo wakazi wa Mlima Elgon waliteswa na kuuawa. Suala lilikuwa moja tu: kesi ililetwa lini?

Jibu la swali hilo lilitosha kuizima kesi nzima. Shirika la kutetea waathiriwa wa mateso, Independent Medico-Legal Unit (IMLU), lilikuwa limeishtaki serikali ya Kenya mwaka wa 2010. Lilidai kwamba kati ya 2006 na 2008 zaidi ya watu 3,000 katika eneo hilo walidhulumiwa, baadhi yao wakateswa na wengine kuuawa, na kwamba serikali haikuchukua hatua ya kuzuia maovu hayo wala kuwaadhibu waliohusika.

Yaliyotokea Mlima Elgon ni sehemu ya historia ya huzuni ya taifa hili. Mzozo wa ardhi ulizaa kundi la wapiganaji la Sabaot Land Defence Force, lililowahangaisha raia kwa mauaji na kuwakata watu viungo. Machi 2008 serikali ikapeleka wanajeshi. Wakazi wakajikuta katikati ya mafahali wawili, na wengi wakalalamika kwamba waliotumwa kuwaokoa waliwatesa pia. Serikali ilikana madai hayo.

Kitengo cha mwanzo cha mahakama hiyo kilikuwa kimekubali, Juni 2011, kuisikiliza kesi. Serikali ikakata rufaa na kushinda. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, walisema majaji wa rufaa, unampa mlalamishi miezi miwili pekee tangu kitendo kifanyike au tangu akijue, na hauwapi majaji uwezo wa kuongeza muda huo hata kwa siku moja.

Uamuzi huo haukuwa wa ajabu kisheria. Majaji walisoma kilichoandikwa. Linalofaa kuulizwa ni nani aliyekiandika, lini, na kwa hasira ya jambo gani. Swali hilo ndilo linaloufikisha mjadala wa uhalali wa mahakama za kimataifa mahali panapostahili. Kwa miaka mingi mjadala huo umeelekezwa kwa majaji na mamlaka wanayodaiwa kujitwalia, huku mkono uliokuwa ukipunguza mamlaka hayo ukisahaulika.

Masharti ya miezi miwili hayakuwemo Mkataba ulipotiwa saini na Kenya, Uganda na Tanzania mnamo Novemba 30, 1999. Yaliingizwa miaka saba baadaye, na chanzo chake kilikuwa kinyang’anyiro cha viti tisa vya Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki.

Kifungu cha 50 cha Mkataba kinasema kwamba bunge la kila nchi mwanachama litachagua wawakilishi tisa, wasio miongoni mwa wabunge wake, kwa namna inayoakisi vyama vilivyomo bungeni, maoni mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Kenya ilikuwa na kanuni zake za 2001, ambazo kwa hakika ziliwaachia wakuu wa vyama na Kamati ya Shughuli za Bunge kazi ya kupanga majina. Orodha ikishapita kwenye kamati, wahusika walihesabiwa kuwa wamechaguliwa. Wabunge wenyewe hawakupiga kura.

Oktoba 2006 orodha ya majina tisa ikapelekwa Arusha kwa njia hiyo. Mwezi uliofuata, Profesa Peter Anyang’ Nyong’o na wenzake kumi wakaelekea EACJ, wakisema hapakuwa na uchaguzi wowote.

Serikali ilijibu kwamba mahakama hiyo haikuwa na kazi katika suala hilo. Mkataba, ilisema, unaziachia taasisi za nchi husika jukumu la kuamua nani amechaguliwa kihalali kuwa mbunge wa kanda, na hivyo wenye malalamishi wangeenda Mahakama Kuu jijini Nairobi.

Novemba 27, 2006, siku chache kabla ya Bunge jipya kuanza kazi, majaji wakatoa agizo la muda: wawakilishi wa Kenya wasiapishwe hadi kesi iamuliwe. Kwa mara ya kwanza mahakama hiyo, iliyozinduliwa 2001 na ambayo kwa miaka kadhaa haikuwa na kazi kubwa, ilikuwa imeshika breki ya gari la wakubwa.

Wakubwa hawakuchelewa kujibu. Siku tatu baada ya agizo hilo marais wa Jumuiya walikutana Arusha na kuagiza Mkataba ufanyiwe marekebisho. Katikati ya Desemba, hata kabla ya kesi yenyewe kuamuliwa, marekebisho yakawa yametiwa saini. Kenya iliyaridhia Januari 2007.

Ni vyema kuyatazama marekebisho hayo moja baada ya jingine. Mahakama iligawanywa iwe na kitengo cha mwanzo na kitengo cha rufaa, jambo ambalo wengi hawana ugomvi nalo. Iliongezwa sababu ya kumwondoa au kumsimamisha jaji iwapo ameondolewa au kusimamishwa kazi nchini mwake, hivyo serikali ya nchi ikapata kamba ya kumvuta jaji wa kanda. Iliwekwa kauli kwamba tafsiri ya mahakama haitagusa mamlaka ambayo Mkataba umeziachia taasisi za nchi. Kisha likaingizwa sharti dogo la miezi miwili, ambalo wakati huo halikuzua kelele nyingi.

Machi 30, 2007, majaji walitoa hukumu. Hawakusema nani alistahili kiti kipi. Walisema tu kwamba kuchagua ni kuchagua: Bunge la Kenya halikufanya uchaguzi kwa maana ya Kifungu cha 50, na kanuni zake zilikiuka Mkataba kwa kadiri zilivyopingana nao. Bunge likabadilisha kanuni, wawakilishi wakapatikana, na Bunge la pili la Afrika Mashariki likaanza kazi Juni 2007.

Kama mambo yangeishia hapo, kisa hicho kingekuwa mfano mwema wa mahakama ya kimataifa ikimkosoa mwanachama na mwanachama akijirekebisha. Lakini kanuni za Bunge zilirekebishwa kwa ajili ya viti tisa, ilhali Mkataba uliorekebishwa unamhusu kila raia wa Jumuiya.

Chama cha Mawakili cha Afrika Mashariki kilirudi kwa majaji hao hao kupinga marekebisho. Mwaka wa 2008 mahakama ilikubali kwamba yalifanywa kinyume cha Mkataba, kwani wananchi hawakushirikishwa ilhali Jumuiya inajitangaza kuwa ya watu. Hata hivyo, ilikataa kuyafuta. Ilitoa mwongozo wa siku zijazo na kutaka baadhi ya vipengele viangaliwe upya. Mahakama iliyokuwa ikituhumiwa kwa kiburi ilijizuia mahali ambapo pengine ilikuwa na sababu nzuri kuliko zote za kutojizuia.

Hivyo ndivyo saa ya miezi miwili ilivyoanza kuhesabu. Miaka minne baadaye ilifika zamu ya wakazi wa Mlima Elgon.

Wanaozipinga mahakama za kimataifa wana hoja, na baadhi ya hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya uhuru wa nchi. Majaji wa Arusha hawakuchaguliwa na Mkenya yeyote. Iweje waliambie Bunge la Kenya namna ya kuendesha shughuli zake?

Hoja hii ina mvuto jukwaani lakini haina uzito mbele ya maandishi. Mamlaka ya EACJ hayakutoka angani. Yalitoka katika kalamu za marais watatu, Daniel arap Moi, Benjamin Mkapa na Yoweri Museveni, na yakaridhiwa na nchi zao. Kifungu cha 23 kinaipa mahakama jukumu la kuhakikisha sheria inafuatwa katika kuufasiri na kuutekeleza Mkataba. Kifungu cha 30 kinamruhusu raia wa kawaida kuishtaki serikali yake moja kwa moja. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inatamka kwamba mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi.

Isitoshe, kutochaguliwa si dosari ya majaji wa kigeni pekee. Septemba 1, 2017, majaji wanne wa Mahakama ya Juu jijini Nairobi, dhidi ya wawili waliopinga, walifuta uchaguzi wa rais uliopigiwa kura na mamilioni ya Wakenya. Hakuna aliyekuwa amewachagua majaji hao kwenye debe. Uhalali wao ulitokana na Katiba waliyokuwa wakiilinda, na uhalali wa wenzao wa Arusha unatokana na Mkataba.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba majaji hawa hujiongezea kazi ambayo hawakupewa. Kifungu cha 27 kinaeleza wazi kuwa mamlaka ya kusikiliza kesi za haki za binadamu yatatolewa kwa itifaki ya baadaye. Itifaki hiyo haijapatikana, ingawa zaidi ya miongo miwili imepita tangu Mkataba uanze kutekelezwa Julai 2000. Wakosoaji wanauliza: kwa nini basi mahakama husikiliza kesi za watu waliokamatwa na kuteswa?

Majibu ya mahakama yalipatikana katika kesi ya James Katabazi na wenzake dhidi ya Uganda. Novemba 2005 Mahakama Kuu jijini Kampala iliwapa dhamana washukiwa 14 wa uhaini. Wanausalama wenye silaha wakaizingira mahakama, dhamana ikakwama, na washukiwa wakarudishwa gerezani na kufunguliwa mashtaka katika mahakama ya kijeshi. Novemba 1, 2007, EACJ ikaamua kwamba Uganda ilikiuka utawala wa sheria, ambao ni mojawapo ya misingi ya Mkataba.

Majaji walikiri kwamba hawana mamlaka ya haki za binadamu. Waliongeza kwamba hawataacha kazi yao ya kuufasiri Mkataba eti kwa sababu tu malalamishi yanayoletwa yanagusa pia haki hizo.

Mtu anaweza kusema kwamba majaji walipitia dirishani baada ya kufungiwa mlango. Lakini vifungu vya 6 na 7 vinavyotaja utawala wa sheria, demokrasia na haki za binadamu kuwa misingi ya Jumuiya viliandikwa na serikali zenyewe. Aliyeandika ahadi katika ukurasa mmoja hawezi kulalama akisomewa kwa sababu ukurasa mwingine haujakamilika. Upande wa pili, majaji nao wana deni la kusema kila mara mipaka ya kazi yao iko wapi. Mahakama isiyo na askari wala bajeti yake huishi kwa kuaminika, na ikionekana kuvuka mpaka kwa kupenda hupoteza imani hiyo haraka kuliko inavyoipata.

Hoja ya tatu inahusu majaji wenyewe. Huteuliwa na wakuu wa nchi, wengi wao hawaishi Arusha, na hukutana kwa vikao. Mwananchi wa kawaida hawezi kuwataja hata wawili. Huu ni udhaifu wa kweli. Lakini dawa yake ni kuwateua hadharani na kuwapa kazi ya kudumu. Kupunguza siku za mlalamishi hakumfanyi jaji kuwa bora.

Kenya na Uganda hazikuwa nchi pekee zilizoguswa. Kwa wanahabari, kesi iliyofuatiliwa sana ilikuwa ya Baraza la Habari Tanzania na wenzake waliopinga Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Machi 2019 mahakama ilisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba. Serikali haikufuta sheria kesho yake, na hakuna karani wa Arusha aliyekwenda Dodoma kuichana. Lakini 2023 Bunge la Tanzania lilirekebisha baadhi ya vifungu hivyo. Hukumu hiyo ilibaki hoja mkononi mwa waliokuwa wakidai mabadiliko.

Huo ndio upeo halisi wa mamlaka haya. Mahakama ya kimataifa haifuti sheria ya nchi kama inavyofanya mahakama ya katiba. Inatangaza kwamba serikali imevunja neno lake. Kazi ya kulitengeneza neno hilo humrudia mwenye kulivunja.

Ni kwa sababu hiyo inashangaza jinsi serikali zinavyoziogopa. Mwenendo uliofanywa Arusha 2006 ulirudiwa kwa ukali zaidi kusini mwa bara hili. Novemba 2008 mahakama ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), iliyokuwa Windhoek, iliamua kwamba Zimbabwe iliwabagua wakulima wazungu, akiwemo Mike Campbell, kwa kuwanyang’anya mashamba bila fidia. Serikali ya Robert Mugabe ilikataa hukumu. Badala ya kuibana, viongozi wa kanda waliisimamisha mahakama yenyewe mwaka wa 2010, na Agosti 2012 mjini Maputo wakakubaliana kuwa na mahakama mpya itakayosikiliza migogoro baina ya serikali tu.

Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu ardhi ya Zimbabwe na dhuluma za ukoloni zilizoizaa kesi hiyo. Ni maoni yenye mizizi mirefu. Lakini waliofungiwa mlango hawakuwa wakulima wazungu pekee. Alifungiwa mchuuzi wa Lusaka, mwalimu wa Lilongwe na mfungwa wa Mbabane, ambao hawakuwa na ng’ombe wala shamba katika ugomvi huo. Desemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema kwamba Rais Jacob Zuma, aliposhiriki kuifunga mahakama hiyo, alitenda kinyume cha sheria.

Njia ya tatu ni ya kujiondoa kimyakimya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha, humsikiliza raia moja kwa moja ikiwa tu nchi yake imetoa tamko la kumruhusu. Rwanda iliondoa tamko lake 2016. Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo na iliyoongoza kwa idadi ya kesi, ikatoa notisi Novemba 2019. Benin na Ivory Coast zikafuata 2020, na Tunisia 2025. Aghalabu nchi hizo zilikuwa zimetoka kuguswa na kesi za wapinzani au wafungwa.

Kenya haijawahi kujiondoa hapo kwa sababu haijawahi kuingia. Iliridhia itifaki ya mahakama hiyo 2004 lakini haikutoa tamko. Jamii ya Ogiek, iliyopewa notisi ya siku 30 kuondoka Msitu wa Mau mwaka wa 2009, haikuweza kuifikia kwa miguu yake. Iliifikia kwa sababu Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikubali kupeleka kesi kwa niaba yake.

Mei 26, 2017, mahakama ilisema Kenya ilikiuka vifungu saba vya Mkataba wa Afrika. Juni 23, 2022, iliagiza jamii hiyo ilipwe Sh57.85 milioni kwa hasara ya mali na Sh100 milioni kwa madhara mengine, na ipewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu zake. Novemba 2023, maafisa wa serikali walikuwa tena Sasimwani, Narok, wakibomoa nyumba za Waogiek.

Ikumbukwe kwamba haya yote ni tofauti na kesi za The Hague ambazo Wakenya wanazijua zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu humshtaki mtu binafsi kwa jinai. Mahakama za Arusha hazimfungi mtu, huikagua serikali. Hata hivyo, katika siasa zote huwekwa kapu moja, na hasira ya moja hutumiwa kuichoma nyingine. Hata Mahakama ya Kimataifa ya Haki haikusalimika: Kenya iliondoa kibali chake cha jumla kwa mahakama hiyo Septemba 2021, wiki chache kabla ya hukumu kuhusu mpaka wa baharini na Somalia.

Si Afrika pekee inayokereka. Oktoba 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliiambia Uingereza kwamba kuwanyima wafungwa wote haki ya kupiga kura ni kosa. Wabunge jijini London walighadhibika, na Februari 2011 walipiga kura 234 kwa 22 kushikilia msimamo wa zamani. Mvutano ulidumu zaidi ya mwaka kumi, ukamalizika 2018 kwa mabadiliko madogo ya kiutawala. Uingereza ilibishana, ikachelewa, ikanung’unika. Haikumnyima raia wake njia ya kwenda Strasbourg katika kesi nyingine kwa sababu ya kushindwa katika hiyo moja.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kuipinga hukumu na kuipinga mahakama. Serikali ina haki ya kusema majaji wamekosea, kukata rufaa na hata kuomba Mkataba ubadilishwe kwa uwazi. Haina haki ya kumtoza mtu wa tatu gharama ya kushindwa kwake.

Watetezi wa masharti ya miezi miwili husema sheria lazima iwe na mwisho. Serikali haiwezi kuishi ikingoja kushtakiwa kwa mambo ya kale. Ni kweli. Umoja wa Ulaya nao una muda wa miezi miwili kwa anayetaka kufuta uamuzi wa taasisi zake. Lakini huo ni muda wa kupinga maamuzi ambayo kwa kawaida huchapishwa katika gazeti rasmi au kutumwa kwa mhusika, akayasoma na wakili wake. Kipigo cha usiku msituni hakichapishwi. Aliyempoteza mume hutumia miezi miwili ya kwanza akizunguka kambi, vituo vya polisi na vyumba vya maiti.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotetea uhuru wa nchi hawalitaji. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo sasa hutoa muda wa miezi minne, huuhesabu baada ya mlalamishi kumaliza mahakama za nchini mwake. Mkataba wa Afrika Mashariki hauhitaji amalize mahakama hizo. Saa huanza siku ya tendo lenyewe. Hakuna kesi ya Nairobi, Kampala wala Kigali inayosikilizwa na kuamuliwa kwa siku 60.

Maana yake ni kwamba raia anayeiheshimu mahakama ya nchi yake na kuanzia huko hupoteza nafasi ya Arusha juu ya tendo hilo. Aliye mwerevu huenda Arusha kwanza. Serikali zinazolalamika kwamba mahakama ya kanda inazidharau mahakama za nchi ndizo zilizoandika sheria inayomlazimisha mwananchi kuziruka. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ukiyaunganisha haya, hali ya Mkenya ni hii. Kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu hana njia ya moja kwa moja, kwani serikali yake haijatoa tamko. Kwa EACJ anayo njia, lakini inafungwa kabla hajakusanya ushahidi. Ana milango miwili katika mji mmoja: wa kwanza haujawahi kufunguliwa, wa pili hufungwa baada ya siku 60.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Kifungu cha 30 kingeweza kuwapa majaji uwezo wa kuongeza muda kwa sababu nzito, au kuhesabu miezi miwili kuanzia siku mahakama za nchini zinapomaliza kazi. Hatua ya pili ingempendeza hata mtetezi wa uhuru wa nchi, kwa kuwa ingezirudishia mahakama za nyumbani nafasi ya kwanza. Itifaki ya haki za binadamu iliyoahidiwa 1999 ingemaliza ubishi wa dirisha na mlango. Na tamko la Kenya kwa Mahakama ya Afrika linahitaji barua moja tu.

Hatua zote hizo zimo mikononi mwa serikali. Majaji hawawezi kujipa mamlaka hayo, wala haifai wajipe. Hilo lenyewe ni jibu kwa wanaosema mahakama hizi zimejifanya miungu: mungu gani anayeweza kunyamazishwa kwa saini tatu katika muda wa wiki mbili?

Wawakilishi waliopatikana baada ya vurugu za 2006 waliapishwa, wakakaa Arusha kwa kipindi chao cha miaka mitano, na muda wao ukaisha Juni 2012. Ilikuwa imebaki miezi mitatu waondoke wakati majaji wa rufaa walipowaambia watu wa Mlima Elgon kwamba wamechelewa. Viti hivyo tisa vimekaliwa na wengine mara kadhaa tangu hapo. Sharti la miezi miwili bado limo katika Mkataba.